Rafu ya Shaaban Robert: Kusadikika kisiwe cha kwanza

Hapa Tanga Shaaban Robert ananunuliwa kwa orodha ya shule. Mzazi anafika dukani na karatasi mkononi, anaulizia Kusadikika, analipa, anaondoka. Mtoto anakisoma kwa ajili ya mtihani, anakariri majina ya wajumbe sita, anapata alama zake, na habari inaishia hapo. Mtu aliyezaliwa Vibambani upande wa Machui mwaka 1909, mwendo wa baiskeli tu kutoka mjini, akafanya kazi katika ofisi za hapa hapa na kufariki mwaka 1962, kwa wengi wa kwao amebaki jina la kujibia maswali.

Kusadikika hakina kosa. Kosa ni kukiweka mlangoni, kila anayeingia akikwae.

Kilitoka mwaka 1951. Ni chembamba, na kimejengwa kwa mpango mmoja unaorudiwa mara sita. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria. Utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe ambao nchi iliwatuma zamani: Buruhani mashariki, Fadhili kaskazini, Kabuli magharibi, Auni kusini, Ridhaa mbinguni, Amini ardhini. Kila mmoja anakwenda, anapata taabu, anarudi na jambo la kuifaa nchi, anatiwa kifungoni. Msomaji wa miaka 15 akifika kwa Auni amekwisha kujua yatakayomkuta Ridhaa, na akipiga miayo hapo msimlaumu. Marudio hayo yanaanza kusema kitu pale tu unapokumbuka kwamba aliyeyaandika alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Karani wa 1951 akitaka kueleza nchi inayowafunga watu wake bora, salama yake ni kuipandisha nchi hiyo angani. Ukimjua mwandishi kwanza, marudio yanakuwa pigo la ngoma, kila safari zito zaidi. Usipomjua, umebaki na orodha ya majina.

Kwa hiyo anza na Wasifu wa Siti binti Saad. Katika nathari zake zote hii ndiyo iliyotulia. Siti ni mtu wa kweli: alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa, akauza vyungu, akahamia mjini, mwaka 1928 akaenda Bombay kuimba kwenye santuri, akafariki mwaka 1950. Watu waliomjua walikuwa bado hai kitabu kilipoandikwa, basi mwandishi hakuweza kumgeuza kuwa fumbo, na hilo limemsaidia sana. Sentensi zinatembea. Mawaidha yapo (Shaaban bila mawaidha ni chai bila tangawizi) lakini yanatoka ndani ya maisha ya mwanamke maskini aliyedharauliwa kwa sura na kwa aina ya kazi yake, kisha akaitwa na matajiri kwenye majumba yao. Ukipata rekodi yake hata moja, isikilize kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Kitabu kinamalizika kwa siku tatu bila haraka.

Kinachofuata ni Maisha Yangu, kilichochapwa kwanza mwaka 1949 na sasa hupatikana kimeunganishwa na Baada ya Miaka Hamsini. Humu mna kazi ya ukarani, uhamisho, na kifo cha mkewe Amina pamoja na shairi la maombolezo aliloliandika. Sehemu ya kwanza ina joto kuliko ya pili. Ya pili imejaa hekima ya mzee, na unaweza kuirukaruka bila hasara kubwa. Ukimaliza hapo, tafuta Barua za Shaaban Robert 1931–1958, zilizohaririwa na Mugyabuso Mulokozi na kutolewa na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) mwaka 2002. Ni barua kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi: Nguzo ya Maji ni chake. Kwa ladha yangu barua hizi zinashinda nusu ya riwaya. Hapo Shaaban haandiki kwa ajili ya wanafunzi. Anaandika kwa ndugu yake.

Sasa mashairi, na hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu wanayasoma kwa macho kama gazeti. Shaaban anasomwa kwa mdomo. Kwanza jifunze kuhesabu mizani, yaani silabi za mshororo, kazi ya dakika kumi. Kila irabu ni mzani mmoja. M au n ikisimama peke yake, nayo ni mzani: m-tu ni miwili, n-chi ni miwili. Ikiwa imeshikana na silabi inayofuata, haihesabiwi: nyu-mba ni miwili, si mitatu. Shairi la kawaida lina mizani 16 kwa kila mshororo, nane kwenye ukwapi (kipande cha kwanza) na nane kwenye utao (kipande cha pili), na pumzi inakatwa katikati.

Jaribu kwa mshororo ambao kila Mswahili anaujua: Titi la mama litamu, hata likiwa la mbwa. Ti-ti-la-ma-ma-li-ta-mu, nane. Ha-ta-li-ki-wa-la-m-bwa, nane, na ile m ya mbwa imebeba mzani wake. Teremka mshororo wa pili: Kiswahili naazimu, sifayo iliyofumbwa. Utao wake ni si-fa-yo-i-li-yo-fu-mbwa, nane tena, lakini safari hii mbwa ya mwisho ni mzani mmoja, m yake imeshikana na bwa. Herufi zile zile, kina kile kile, uzito mbalimbali, na sikio halijikwai hata kidogo. Mtu aliyeweza kuyapanga hayo hakuwa anabahatisha.

Kipimo hiki kina faida ya pili: kinakuonyesha chapa mbaya. Msahihishaji asiyejua arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, huona sifayo ni ya kizamani akaandika sifa yake. Utao unakuwa na mizani tisa na ubeti unachechemea. Wengine husema, na huandika, Titi la mama ni tamu. Mizani haijapungua, lakini li imekwenda, na kwa lugha ya pwani ile litamu ndiyo inayolifunga titi na utamu wake kuwa neno moja. Kabla hujalipia diwani yoyote, chagua ubeti mmoja katikati ya kitabu uuhesabu. Ukikuta kipande chenye mizani saba au tisa badala ya nane, jaribu ubeti mwingine. Ikiwa beti tatu kati ya tano zina hitilafu, rudisha kitabu rafuni: hiyo si kazi ya Shaaban, ni kazi ya aliyepiga chapa.

Utenzi wa Vita vya Uhuru ni mlima. Una beti takriban 3000 kuhusu vita vya 1939 hadi 1945, na ulichapwa mwaka 1967, yeye akiwa kaburini. Umbo lake ni la utenzi: mishororo minne, mizani nane kila mmoja, mitatu ya kwanza ina kina kimoja na wa nne unabeba bahari, kina kingine kinachokwenda mpaka mwisho wa utenzi. Ukisoma beti 40 kwa siku utamaliza kwa siku 75, na hiyo ndiyo kasi inayofaa. Anayejaribu kuumeza kwa wiki moja huacha kabla ya beti 500, maana masikio huchoka na ule mwendo wa nane nane mpaka maneno yanakuwa mvumo mtupu. Sema kweli, si wa kila mtu. Mwenye hamu ya utenzi wa vita uliotokea mlangoni kwetu namwelekeza kwa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, mtu wa mwambao huu, aliyetunga habari za Wadachi (Wajerumani) walivyoutamalaki Mrima mwaka 1307 wa Hijra, yaani wakati wa Abushiri na Pangani. Ulichapwa mwaka 1955 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen. Una kasi, una hasira, na haukusubiri darasa ufundishwe.

Baada ya hayo ndipo urudi kwenye hadithi. Kufikirika ni bora kuliko Kusadikika, na nitabishana na yeyote. Mfalme hana mtoto. Yanaitwa makundi ya waganga, wa mizizi, wa hirizi, wa makafara na wenzao, na kila kundi linapewa nafasi ya kushindwa kwa namna yake. Mtoto akipatikana, mwalimu wake anafukuzwa kazi kwa kuuingiza mchezo katika mafunzo. Wazazi wa masomo ya ziada ya jioni, someni hapo. Kitabu kilitoka mwaka 1967 na bado kinawasema watu wa leo. Adili na Nduguze cha 1952 kina mzizi katika Alfu Lela Ulela: kule ndugu wabaya wanageuzwa mbwa, hapa wamekuwa manyani, nao wanachapwa kila usiku. Mtoto wa darasa la sita anakifurahia akisomewa, na msamiati wake ni mgumu kuliko hadithi, kwa hiyo msomee, usimwachie. Utubora Mkulima ni cha mtu aliyechoka na ofisi. Kilimo ndani yake kinasifiwa kuliko kinavyoelezwa, na mkulima wa kweli wa Muheza atatabasamu mara mbili tatu. Siku ya Watenzi Wote nakiweka mwisho kabisa. Mazungumzo yake ni hotuba zinazopokezana.

Udhaifu wa Shaaban ni mmoja na unapita vitabu vyote vya hadithi: waovu wake hawapewi hoja. Majivuno ni majivuno tangu jina, na ndugu za Adili vilevile: Hasidi ni hasidi, Mwivu ni mwivu. Hakuna mahali msomaji anapojikuta anamwelewa mshtaki kwa nusu dakika kabla ya kumkataa. Ndiyo maana wasifu na barua zinapendeza zaidi: watu wa kweli walimlazimisha kuacha nafasi.

Kuhusu kununua. Hatari ya kwanza ni kuuziwa kitabu ambacho si kitabu. Juu ya meza nyingi za vitabu vya shule, Kusadikika chenyewe hakipo. Kilichopo ni mwongozo au uchambuzi wa Kusadikika, jina la riwaya likiwa kubwa na neno mwongozo likiwa dogo pembeni. Muuzaji anaweza kukupa kwa nia njema kabisa, "hiki ndicho wanachosomea, dada." Fungua ukurasa wa kwanza: ukikuta vichwa vya dhamira, maudhui na fani, si chenyewe. Vilevile Kusadikika na Kufikirika huchanganywa, hata na wauzaji. Soma jalada kwa sauti kabla ya kutoa hela.

Hatari ya pili ni fotokopi iliyofungwa jalada. Utaijua kwa mambo matatu: kivuli cheusi kinachofuata mgongo kwa ndani, herufi zilizovimba kiasi kwamba tundu la a na la e limezibika, na kukosekana kwa ukurasa wenye jina la mchapishaji na mwaka. Dalili moja peke yake inaweza kuwa chapa hafifu tu. Zikiwa tatu pamoja, bei haijalishi, maana herufi zilizozibika zinaua mashairi: huwezi kujua kama mwandishi aliandika la au le.

Tatu, kurasa zilizokosekana. Vitabu hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, hivyo kosa la kiwandani halikuondolei ukurasa mmoja. Linakuondolea fungu zima au kukupa fungu moja mara mbili. Angalia namba za kurasa karibu na 16, 32, 48 na 64, ukijua zinaweza kusogea kidogo kwa sababu ya kurasa za mwanzo zisizo na namba. Ni kazi ya nusu dakika. Usiifanyie nyumbani.

Kwa vitabu vilivyokwisha tumika, tazama mgongo. Kilichobandikwa kwa gundi, kifungue katikati taratibu: kikilia kama ukuti mkavu, gundi imekufa na kurasa zitaanza kutoka ndani ya mwezi. Vitabu vyembamba vya Shaaban mara nyingi vimepigwa pini, na hewa ya bahari inazila pini hizo. Kutu inapenya kwenye karatasi, karatasi inakatika palepale pinini, na ukurasa wa katikati ndio wa kwanza kuondoka. Kutu ikiwa kwenye pini tu, nunua. Ikiwa imetanda kwenye karatasi kwa upana wa kidole, omba upunguziwe au acha. Maandishi ya penseli ya mwanafunzi wa zamani hayana neno, mengine yanachekesha. Wino wa kalamu uliotokeza upande wa pili ni hasara.

Pini yenye kutu inatengenezeka kwa uzi. Inua miguu ya pini kwa kisu butu, uitoe bila kuvuta. Fungua kitabu katikati, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, moja juu na moja chini, yote yaepuke mahali palipoliwa. Chukua uzi mnene wa pamba, urefu wa kitabu mara mbili na nusu. Ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, rudi ndani kwa tundu la juu, ruka la kati utoke nje kwa la chini, kisha rudi ndani kwa la kati. Hakikisha ncha mbili za uzi zimekaa huku na huku ya ule uzi mrefu wa ndani, ndipo ufunge fundo juu yake. Fundo lisipoushika ule uzi mrefu, kitabu kitalegea. Uzi wa nailoni usitumie, unakata karatasi kama wembe.

Wakati wa masika adui ni ukungu. Rafu isigusane na ukuta, iache upana wa vidole vinne hewa ipite. Mfuko wa nailoni, ambao wengi huuona ndio hifadhi, unafungia unyevu ndani na kukiozesha kitabu upesi kuliko ukikiacha wazi. Kilichopata ukungu kisimamishe kivulini penye upepo, kurasa zimetawanyika, kikauke kabisa ndipo ukifute kwa brashi laini, nje ya nyumba. Ukikifuta kibichi unapaka ukungu kwenye kurasa zilizokuwa nzima. Jua kali la saa saba linakausha kweli, lakini linapinda jalada na kulegeza gundi.

Kama umemjaribu Shaaban kwa mpango huu na bado koo linakataa, si dhambi. Anayetaka waovu wenye hoja akamsome Kezilahabi, aanze na Rosa Mistika cha 1971, na asianze na Nagona asije akatukimbia kabisa. Anayetaka bandari, na mji huu ni wa bandari, achukue Kuli cha Adam Shafi: makuli wa Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, gunia linaelezwa mpaka bega linauma. Anayetaka kufumbua mafumbo bila mawaidha ana Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale cha 1960. Na anayetaka mtu wa mkoa huu wa siku za karibuni ana William Mkufya, mzaliwa wa Lushoto. Ua la Faraja cha 2004 ni kinene na kinahusu UKIMWI, kisomwe na aliye tayari kukaa nacho.

Barua na utenzi wa Hemedi ndivyo vigumu kuvipata kwenye meza za mtaani. Ulizia kwa jina kamili kwenye maktaba ya mkoa pale mjini, jengo lenye matao. Ukiulizia tu "vitabu vya Shaaban Robert", mkutubi mwenye haraka atakuletea Kusadikika.